Stuli ya Kokoto Ilikuwa na Miguu Minne

3 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaifutia gundi kabla hujafika mwisho. Mimi ni mzima. Kile kifua kimepona, kwa hiyo usinitumie tena ile dawa inayonukia kama vanishi. Goti lako je? Na jirani yako mshonaji, bado anakuletea chai na umbea kila saa nne?

Najua nina miezi mitano sijaandika, na miaka miwili sijakanyaga nyumbani. Sababu unaijua. Kipindi changu cha kwanza redioni nilikiandaa wiki sita, nikaja likizo makusudi tukisikilize pamoja, na wewe ukanyoosha mkono ukazima redio kabla hata jina langu halijatajwa. Sikuandika ili turudie ule ugomvi. Nimeandika kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe, kwa bahati mbaya yako, ni yule mwimbaji, Kokoto.

Wimbo wake wa "Karakana" unatimiza miaka thelathini na tano. Mkuu wangu ameamua tufanye kipindi kirefu tarehe 16 Mei, na jina lake ni "Kokoto: Bingwa au Mbabaishaji?" Mimi wa maktaba ya santuri nimepewa kazi ya kukusanya maoni. Baba, hujaona vita. Wanaompenda wanasema hakuna mtunzi wa roki aliyewahi kuweka maneno mazito kama yake. Wasiompenda wanasema sauti yake ni ya mtu anayesukutua, na maneno yake ni orodha ya vitu vya dukani. Hapa ofisini mafundi mitambo wawili waliokuwa wakichangia birika moja la chai sasa kila mmoja ana lake, na la mmoja limeandikwa "Si la wababaishaji".

Tatizo ni kwamba wapinzani wote niliowapata wanaongea kwa matusi tu, hawana hoja. Nikakukumbuka. Hakuna mtu anayemchukia Kokoto kwa moyo wote kama wewe. Toka niko mdogo, akianza kuimba, wewe unaondoka kama umeitwa. Niandikie kwa nini. Sababu zako tu, kwa utulivu, nizisome hewani.

Mwanao

17 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba, marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, japo umekuwa mbaya. Goti linauma likitaka na likitaka linaacha. Mshonaji hajambo, chai yake imepungua sukari na umbea umeongezeka. Kazi ipo. Nina violini mbili, gitaa la kanisa, na akodioni ya mzee mmoja anayekuja kila siku kuuliza imefikia wapi. Watu hawana subira siku hizi.

Sasa kuhusu huyo mtu wako. Sitaki kusomwa hewani. Narudia: usisome hata mstari mmoja. Lakini kwa kuwa umeniuliza kama mzazi, nitakujibu kama mzazi.

Kwanza, hajui kuimba. Mtu akikoroma tunamwamsha, hatumnunulii tiketi. Pili, nimesikia kwamba akipanda jukwaani anaimba nyimbo zake kwa sauti nyingine kabisa, watu wamekuja na maneno yao tayari mdomoni, wanabaki wametoa macho. Huo ni ustaarabu gani? Tatu, anawapa mgongo wasikilizaji. Nne, gitaa anapiga vidole vitatu tu, vingine viwili sijui anaviwekea nani.

Tano, na hili ndilo kubwa, hayo maneno. Hicho kinachoitwa "Karakana" si wimbo. Kijana amekaa mahali akaandika alichokiona. Gundi kwenye kopo la maziwa, saa isiyo na mshale mfupi, msasa, vumbi. Kisha anamtukana fundi wa watu, eti ana mikono ya dhahabu na ulimi wa sabuni. Na wasomi wazima wanatikisa vichwa! Hata hivyo vitu vyenyewe hakuvihesabu vizuri. Anaimba "stuli ya miguu mitatu". Uongo mtupu. Ile stuli ilikuwa na miguu minne, na yote mizima.

Ndiyo maoni yangu. Kula vizuri. Achana na mambo ya Kokoto, tafuta kipindi cha afya.

Baba yako

2 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo tena. Mimi mzima, isipokuwa nimeshikwa na kiu ya kujua ambayo maji hayaitibu.

Kwanza nitubu. Mstari mmoja nimeusoma. Mtangazaji aliniomba kitu cha kuchangamsha kipindi cha asubuhi, nikasema tu kwamba kuna fundi mmoja mzee anadai stuli ilikuwa na miguu minne. Sikukutaja. Nilidhani watu watacheka, basi, yaishe.

Baba, simu hazikunyamaza mpaka saa sita. Hujui umegusa nini! Kuna mwalimu wa fasihi ameandika kitabu kizima juu ya miguu mitatu: mmoja ni jana, mmoja leo, na wa tatu ni yale ambayo hayatakuja. Alipiga simu sauti ikimtetemeka. Kuna mpiga tarumbeta mstaafu, adui mkubwa wa Kokoto, yeye alilia kwa furaha. Wapinzani sasa wamepata bendera. Mmoja amekuja getini amevaa fulana imechorwa stuli, na miguu minne ameikolezea wino.

Ila mimi usiku huo sikuwafikiria wao. Nilitoa barua yako nikaisoma tena. Umeandika "ile stuli". Mtu asemaye "ile stuli" ni mtu aliyeikalia.

Umejuaje, Baba?

Mwanao

25 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Wiki tatu kimya. Nimempigia mshonaji, anasema hujambo, unakula, na kila akitaja barua yangu unawasha mashine ya kukatia mbao.

Umejuaje?

Mwanao

4 Aprili

Kwa binti yangu mpendwa,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini nawe hujambo na kwamba umeketi, maana sasa ni zamu yako.

Nimeianza barua hii mara tisa. Mara nne nimekuandikia kuhusu bei ya mbao. Mshonaji akaniambia, "Usipomwandikia wewe, nitamwandikia mimi, na mimi nitatia chumvi." Basi.

Yule fundi ni mimi.

Alikuja kijana mwembamba, shingo ndefu, na gitaa lake limevunjika shingo vilevile. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimefungua karakana karibuni, najiona hakuna fundi kama mimi. Nikamwambia aje Jumamosi. Nikaunganisha, nikabana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, nikaenda zangu. Nilipofungua siku ya pili shingo imekauka imepinda. Makosa yangu. Niliibana kwa haraka kwa sababu nilikuwa nawahi kumwona mama yako.

Ningesema, "Kijana, nimekosea, nipe siku kumi," yangekuwa yameisha. Lakini nilikuwa nimejisifu mno. Alipokuja nikasema gundi ni mbichi. Jumamosi iliyofuata nikasema nyuzi hazijafika. Kisha mvua. Kisha nikasema msaidizi wangu amefiwa, wala sikuwa na msaidizi. Wiki kumi na moja, mwanangu. Na yeye kila Jumamosi anakaa kwenye ile stuli saa mbili tatu, ananiangalia, anaandika kwenye daftari. Nilidhani anafanya hesabu za shule. Siku moja hakuja. Mwaka uliofuata nikamsikia redioni.

Marehemu mama yako alicheka hadi akakaa chini. Alijua tangu mwanzo. Mimi sikucheka. Nchi nzima ilikuwa inaimba kwamba mimi ni mwongo, na ubaya wake ni kwamba mimi ni mwongo.

Ningeweza kukuambia. Lakini ulipokuwa na miaka kumi na mmoja ulikaa mezani ukaniambia, "Baba, nikikutana na yule fundi nitamtemea mate." Ulimpenda sana huyo Kokoto. Tangu siku hiyo nikawa nazima redio. Ile siku uliyokuja na kipindi chako, mtangazaji alisema, "Na sasa, kisa cha fundi aliyemvunja moyo kijana," nami nikajua ni wewe uliyeyaandika maneno hayo. Mkono ulijiendea wenyewe. Nilikuona ukifunga begi na sikusema kitu. Niliona afadhali uniite mkorofi kuliko uniite yule.

Gitaa lipo. Liko chini ya meza ya kazi, ndani ya blanketi la mama yako lenye maua.

Sasa umejua. Ukitaka kutema mate, mimi nipo.

Baba yako

10 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, najua ni mbaya, na yangu usiulize.

Nimeisoma barua yako nikiwa maktaba, katikati ya rafu, nikacheka kwa sauti, halafu nikalia, halafu fundi mitambo mwenye birika lililoandikwa akaniletea chai bila kuuliza niko upande gani. Nimecheka kwa sababu ya msaidizi aliyefiwa. Nimelia kwa sababu ya lile begi.

Gitaa mimi halinikasirishi. Umechelewesha vitu vya watu maisha yako yote, nilikua nikiwasikia wakiuliza. Kinachonikasirisha ni kwamba uliniacha niondoke nikiamini unadharau kazi yangu. Miaka miwili nimekaa huku nikifikiri baba yangu hawezi kunisikiliza dakika tano, kumbe ulikuwa unaona haya. Haya zako, Baba, zimenigharimu mimi.

Basi nisikilize. Kokoto mwenyewe atakuja studio tarehe 16 Mei. Amekubali, sijui kwa nini, maana haongeagi na waandishi. Huku hakuna anayejua habari yako, na sitamwambia mtu. Lakini gitaa la mtu lirudi kwa mwenyewe. Limalize. Lilete wewe, kwa mikono yako. Una wiki tano.

Na usiniambie habari ya gundi.

Mwanao

28 Aprili

Kwa binti yangu,

Marahaba. Huku kwema. Kazi inaendelea vizuri sana. Shingo nimeibandua, imetoka salama. Sasa tatizo ni kwamba mbao ya namna ile haipatikani siku hizi, na ile niliyoiagiza imekuja ina unyevu, na hali ya hewa yenyewe unajua. Pia jiliwa limelegea meno. Jumamosi nadhani nitakuwa nimefika mahali pazuri.

Kuhusu kuja huko, goti halipendi safari ya basi.

Baba yako

6 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimemsomea mshonaji barua yako kwa simu, neno kwa neno. Anasema hakuna unyevu wowote, kumekauka kama biskuti.

Unanifanyia mimi sasa yale yale uliyomfanyia yeye. Mimi si mteja.

Tarehe 16, saa nne asubuhi. Uje au usije, hii ni barua yangu ya mwisho kuhusu jambo hili.

Mwanao

18 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Niko salama, nimechoka, sauti imenikauka. Sijui kama ulisikiliza. Nitakueleza yote kana kwamba hukusikiliza.

Kokoto alifika mapema, amevaa kandambili na koti la mvua. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Sikio la kushoto halisikii, kwa hiyo kila swali lililotoka upande huo alilijibu kwa neno "Inategemea", na mwalimu wa fasihi, aliyekaa upande huo, akawa anaandika kila "Inategemea" kwenye daftari. Upande wa pili tulimweka mpiga tarumbeta. Mimi nilikaa nyuma nikipitisha santuri. Mlango niliuangalia mpaka shingo ikaniuma.

Walianza kupigana kabla taa nyekundu haijawaka. Mwalimu akasema sauti ya Kokoto inakwaruza kwa sababu ukweli unakwaruza. Tarumbeta akasema hata mlango wake wa choo unakwaruza na hajauandikia kitabu. Mwalimu akasema Kokoto anabadilisha nyimbo jukwaani kwa kuwa wimbo ni kitu hai. Tarumbeta akasema anabadilisha kwa kuwa amesahau. Kokoto alikuwa anakula karanga.

Halafu ikaulizwa stuli. Miguu mitatu au minne? Akatafuna, akameza. "Minne," akasema. "Ila 'minne' haikukaa vizuri kwenye mdundo." Baba, mwalimu aligeuka rangi. Lakini mtu mzima huyo hakuanguka. Alinyoosha tai yake akasema, hewani, mbele ya mwenye wimbo: "Kwa heshima zote, mtunzi si lazima aelewe alichokitunga."

Saa tano kasoro dakika kumi mlinzi wa geti akagonga. Amekumbatia blanketi lenye maua. Limekuja kwa basi la asubuhi, akasema, bila mtu. Nilipoona blanketi bila mtu nilitamani kulirudisha lilikotoka. Nilisimama nalo mikononi, sijui nilipeleke wapi, na Kokoto akaniona kupitia kioo. Akaacha karanga. Akaniashiria niingie.

Alilifungua mwenyewe. Kulikuwa na kikaratasi umekifunga kwenye shingo, na yeye akakisoma kwa sauti, kwenye kipaza sauti, jinsi ulivyoandika: "Gitaa liko tayari. Shingo imepinda kidogo upande wa kushoto, nimejitahidi ila haikubali kunyooka yote. Niliiunganisha vibaya wiki ya kwanza nikaona haya kusema. Habari za gundi, nyuzi na mvua zilikuwa uongo. Msaidizi sikuwa naye. Nisamehe. Fundi."

Redio haipendi kimya, fundi mitambo alikuwa anarusha mikono kama anafukuza nyuki. Kisha Kokoto akaanza kucheka, kicheko cha kukwaruza, na machozi yanamtoka.

Akasema hivi, nimeyasikiliza tena kwenye kanda ili nisikosee: "Kila Jumamosi njiani nilikuwa naomba lisiwe tayari. Niliwaambia mtaa mzima kwamba mimi ni mpiga gitaa hatari, likipona tu watanisikia. Na mimi sijui kupiga. Fundi akisema 'bado', natoka pale mwepesi, naringa wiki nyingine. Siku niliyoona shingo imekaribia kupona, nilikimbia. Sikurudi tena."

Mtangazaji akasema, "Lakini wimbo unamlaani fundi!"

"Ningemlaani nani," akasema, "mimi?"

Akapiga nyuzi. Baba, ilikuwa sauti mbaya ajabu, na hakuna aliyejua kama ni shingo au ni vidole. Mpiga tarumbeta alikaa amejishika kichwa. Akasema, "Miaka thelathini na tano nasema wimbo huu hauna maana. Sasa wenyewe wamekuja kuupa maana mbele yangu. Wameniharibia uzee." Simu zikawaka zote kwa pamoja. Mashabiki walikasirika kwamba shujaa wao alikuwa mwoga, wapinzani walikasirika kwamba alisema kweli, na wote wawili walikubaliana, mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, kwamba Kokoto hafai kuruhusiwa kuzungumzia nyimbo za Kokoto.

Halafu mtangazaji akauliza, "Na huyo fundi ni nani? Yuko hai?" Kokoto akasema jina hakumbuki, anakumbuka tu kwamba alikuwa akidanganya vizuri, kwa sauti ya upole.

Nilikuwa nimekuahidi sitamwambia mtu. Nilikuwa nimesimama karibu na kipaza sauti, nimeshika blanketi la Mama. Nikasema, "Ni baba yangu." Watu wote wakanigeukia. Nikakisogelea kipaza sauti, nikasema tena. "Huyo fundi ni baba yangu mzazi."

Sikutema mate, Baba. Nilijivunia kile kikaratasi. Lakini usidhani yameisha. Umemwandikia yeye, umeniandikia mimi, umetuma blanketi kwa basi. Umesema kweli kwa kila mtu, ila hujaisema ukimtazama mtu usoni.

Nimepewa likizo ya siku kumi. Nitafika Ijumaa na basi la mchana. Sitaki chakula maalumu wala jirani mshonaji awepo, walau saa ya kwanza. Nataka uketi mbele yangu, uniambie kwa mdomo wako kwa nini ulizima redio, na kwa nini uliniacha nikafunga lile begi. Bila mashine ya kukatia mbao.

Kama huwezi, niambie mapema, nisipande basi.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Naweza. Njoo.

Baba yako